Pembe ya Shamba la Munkaila

Ngo Chundung alikata roho asubuhi, uji wa mawele ukiwa bado motoni. Kaneng, mke wa mwanawe, alikuwa amemwacha kidogo tu akakoroge ule uji. Aliporudi alimkuta kizee amegeuza uso ukutani, mdomo wazi, na nzi anamtembea shavuni. Alimfukuza nzi kwanza. Kisha akamfumba macho, akamfunga kidevu kwa leso, ndipo akatoka kumwita mumewe.

Mchungaji Gyang alikuwa uani, anakaza waya wa banda la kuku. Aliposikia hakulia. Aliingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mama yake juu ya shuka, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke.

"Ameanza kupoa," akasema.

Ulikuwa mwezi wa nne, na mwezi wa nne katika Tondikire ni mwezi wa kuzika haraka. Jua likishapanda kidogo, mbuzi wanagombea kivuli cha ukuta. Mji hauna chumba cha maiti, na barafu inayouzwa sokoni haitoshi hata maji ya kunywa. Waislamu, yaani karibu mji mzima, huzika kabla ya jua kuzama. Wakristo hawakuwa na desturi yoyote. Tangu Gyang na Kaneng watumwe na kanisa lao la Nigeria kuja kuhubiri huku Niger, miaka kumi na moja sasa, hakuna Mkristo aliyefia pale. Mwalimu mmoja wa Benin aliwahi kuugua sana, lakini ndugu zake walimfuata wakamchukua angali anapumua. Kanisa lilikuwa na waumini wachache, mabenchi ya mbao na ngoma moja. Makaburi halikuwa nayo.

Gyang alitoka nje, akampigia simu Da Pam, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiishi Jos.

Da Pam alilia kwanza. Gyang alingoja. Kilio kilipotulia, sauti ya mjomba ilirudi ikiwa kavu.

"Mlete."

"Nimlete wapi, mjomba?"

"Unaniuliza wapi? Kwao."

"Kwao wapi? Rafwang?"

Rafwang, kijiji chao, kilichomwa moto miaka minne iliyopita na watu waliokuja na bunduki. Baba yake Gyang alikuwa shambani siku ile na hakuonekana tena, mzima wala maiti. Hadi leo hakuna aliyethubutu kurudi kule kulima. Da Pam mwenyewe alikuwa amepanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta, yeye, mkewe na wajukuu.

"Tutapata mahali," Da Pam akasema mwishowe. "Wewe mlete kwanza. Usimtupe dada yangu porini kwa wageni."

*

Kwenye kituo cha magari dereva wa safari za Nigeria alikuwa anakunywa chai. Alimsikiliza mchungaji mpaka mwisho, akauliza kama anayesafiri ni mgonjwa au marehemu.

"Marehemu. Mama yangu."

"Mungu amrehemu." Dereva aliweka bilauri chini. "Basi hiyo ni gari zima, mchungaji. Kwenda na kurudi, maana nikirudi hakuna abiria atakayepanda kabla sijaliosha. Laki sita."

Gyang hakuwahi kushika laki sita za faranga kwa pamoja. Fedha za matumizi kutoka kwao zilikuja kwa kuchelewa, na zilipokuja zilikuwa zimekwisha kuliwa kwa mkopo dukani. Alianza kumwomba apunguze. Akasema nne. Akasema nne na nusu, nyingine baadaye. Vijana wa kupakia mizigo walikuwa wamesogea kusikiliza, na ghafla Gyang akajisikia anavyosikika: anapigania bei ya mama yake kama mtu aliyekwenda kununua kondoo. Akanyamaza.

"Usinielewe vibaya," dereva akasema kwa sauti ya chini. "Mpakani watafungua sanduku. Kwenye vizuizi vya njiani watafungua sanduku. Ni siku mbili hizo, na joto hili unaliona. Hata ukinipa laki sita zote, tukifika utanilaani."

Akiwa njiani kurudi alimpigia mhazini wa misheni kule kwao. Mhazini alimpa pole, akaomba naye kwenye simu, sala nzuri na ndefu, halafu akamweleza kwa upole kwamba msiba wa mzazi wa mmisionari haumo katika gharama zao. Gyang alishukuru kwa sala.

*

Nyumbani alikuta jamvi limekwisha tandikwa chini ya kibanda cha nyasi. Munkaila, jirani waliyepakana naye ukuta, mkulima wa mawele, alikuwa ameketi na mdogo wake Seyni, pamoja na mkuu wa mtaa. Waliposimama kumpa mkono, Gyang alivua viatu akaketi nao.

"Tumesikia," Munkaila akasema kwa Kihausa, lugha waliyokutania wote. "Mungu amrehemu mama."

"Amina."

"Gari umepata?"

Gyang akatikisa kichwa.

"Makaburi ya mji usimwombe imamu. Utamtia kwenye maneno na watu. Lakini mimi nina shamba, lile la nyuma ya kisima. Lina pembe moja udongo wake laini. Mlaze pale."

Kabla Gyang hajafungua mdomo, Seyni alikohoa.

"Kaka, shamba lile ni la baba."

"Na mimi mtoto wa nani?"

"Nasema hivi. Mtu akimzika mamaye mahali, kesho atasema ni pake. Kesho kutwa kanisa. Watoto wetu wataenda kulima waambiwe ondoeni majembe, hapa kalala bibi yetu."

"Leo unaona mbali sana," Munkaila akasema. "Ungeona hivyo wakati wa kununua mbegu mwaka jana."

Mkuu wa mtaa hakucheka. Alimgeukia Gyang. "Mchungaji, anachosema Seyni si upuuzi. Itabidi utamke mbele yetu."

Basi Gyang akasimama tena juu ya jamvi, pekupeku, mama yake akiwa amelala nyuma ya pazia hatua chache tu kutoka pale, akatamka kwamba kaburi halitampa haki yoyote katika shamba lile, yeye wala uzao wake, na kwamba hatajenga juu yake hata ukuta. Mkuu wa mtaa akamwomba arudie kwa Kizarma, lugha ya mji, Seyni asije akasema hakuelewa. Akarudia. Kaneng alikuwa mlangoni anasikiliza. Mumewe alikuwa mtu wa kuhubiri saa nzima bila karatasi, na Kaneng hakuwahi kumsikia akitafuta maneno namna ile.

Seyni akasema amesikia. Hakusema amekubali.

"Baba Vou," Kaneng akaita. "Njoo ndani kidogo."

Alishusha pazia. Vou, binti yao wa miaka kumi, alikuwa amelala kwenye mkeka, amechoka kulia. Kaneng alisimama kati ya mumewe na kitanda.

"Kabla hujawajibu, kuna jambo. Wiki iliyopita, ile siku ya homa kali, mama alinishika mkono hapa. Alisema asizikwe kwa watu hawa. Aliposema hivyo nikamjibu, ndiyo, mama."

"Ulimwahidi?"

"Nilitaka apate usingizi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani atapona."

"Na sasa unaniambia ya nini?"

"Ni mama yako. Siwezi kukaa nalo peke yangu, halafu wewe uende kuchimba hujui unachimba nini."

Gyang aliketi. Tangu mama yake alipokuja kuishi nao, baada ya kijiji kuungua, hakuwahi kuitikia salamu ya mwanamume yeyote wa Tondikire aliyevaa kilemba. Jumapili alikaa benchi la mwisho. Mwanawe alipofika kwenye habari za kuwasamehe maadui, Ngo Chundung aliinuka akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni. Mama na mwana hawakuwahi kulizungumza.

"Alikuwa anatoka nje," Gyang akasema. "Kila nikifika pale."

"Nilikuwa namwona."

"Ingekuwapo Rafwang, ningembeba mgongoni." Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Nje mtu aliuliza kama kuna maji, mwingine akajibu. "Hakuna mahali, Kaneng. Da Pam anasema nimlete na yeye mwenyewe hajui pa kumweka. Nitamjibu mama siku tutakayoonana. Wewe muoshe."

Akatoka kuwaambia anaipokea ile pembe, na anashukuru.

*

Kaneng alitaka kumwosha peke yake. Hilo angalau angelitimiza, asiguswe na mikono aliyoikataa. Aliweka maji, sabuni na kanga mbili safi, akafunga mlango. Lakini Ngo Chundung, pamoja na kukonda, alikuwa mtu wa mifupa mizito, na mwili ulishaanza kukakamaa. Kaneng aliosha upande wa mbele vizuri. Alipojaribu kumgeuza, mara ya kwanza alishindwa, mara ya pili kichwa kiligonga ubao wa kitanda. Akasimama pale, mikono inachuruzika maji, akamwomba mama mkwe msamaha kwa sauti.

Hamsatu, mke wa Munkaila, alikuwa ameketi nje ya mlango huo huo tangu asubuhi. Hakuwa amegonga.

"Dada Hamsatu," Kaneng akaita. "Njoo unishikie."

Hamsatu aliingia, akaacha kandambili mlangoni, akakunja mikono ya gauni. Aliweka kiganja chini ya bega la maiti na kingine nyongani, akamgeuza kwa mkupuo mmoja, kama aliyekwisha kuwageuza wengi. Gauni lilipotoka, mgongo wote ukaonekana. Kuanzia shingoni hadi kiunoni ngozi ilikuwa imejikunja, inang'aa, haina rangi moja. Miaka yote aliyokaa nao, kizee alikuwa akioga amejifungia na hakukubali kusuguliwa mgongo. Hata mwanawe hakujua.

"Moto?" Hamsatu akauliza.

"Waliichoma nyumba akiwa ndani. Alituambia alitoka salama."

"Kina nani?"

Kaneng alikuwa na majibu mengi aliyozoea kuwapa watu, ya kutuliza. Hakuyatafuta.

"Hatuwajui. Walivaa kama anavyovaa mume wako."

Hamsatu alichovya kitambaa, akakamua, akaanza kuosha ule mgongo kutoka juu kushuka chini, taratibu, kama bado unauma. Alipofika kiunoni akasukuma ndoo kwa mguu.

"Lete maji mengine. Haya yamechafuka."

Kaneng alileta maji. Wakaosha.

"Hakukupenda," Kaneng akasema baadaye, kwa sababu aliona ni wizi kutosema. "Hakuwapenda ninyi wote. Hakutaka kuzikwa hapa. Nilimwahidi."

"Unadhani sijui? Ukuta wenu unanifika kifuani. Kila nikimletea maziwa alikuwa anakwenda kuyamwaga nyuma ya jiko. Mbuzi wangu ndio waliokuwa wanayanywa. Nikasema haya, si yamerudi kwangu." Alifuta sikio la marehemu kwa ncha ya kitambaa. "Munkaila naye anajua. Alimsalimia mwaka mzima, siku moja kizee akamtemea mate kando ya mguu. Kwani ulidhani tunampa udongo kwa kuwa alitupenda?"

"Sasa kwa nini?"

Hamsatu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Kwa kuwa amekufa, na jua kali. Shika huku, tumvike."

*

Sanduku lilitengenezwa na Jibo, mzee wa kanisa, ambaye kazi yake ni kutengeneza vitanda. Mbao hakuwa nazo. Alikwenda kanisani na nyundo, akarudi na mabenchi mawili. Vijana wa Munkaila walichimba kaburi kwa namna wanayoijua, jembamba, lenye mwanandani ubavuni, na sanduku lilipofika halikuingia. Ikabidi watu wasimame juani na maiti yao huku shimo linapanuliwa. Munkaila mwenyewe alishuka chini. Gyang alitaka kushuka naye, wakamwambia mfiwa hachimbi.

Seyni alikuja na koleo begani. Alipoulizwa, alisema amekuja kuangalia mpaka. Alipima kwa nyayo kutoka kwenye mti wa mpaka, akapima tena, akawaambia wasizidishe hata kiganja. Halafu, alipoona vijana wanavyochoka, alitukana kidogo, akaingia shimoni akaanza kutupa mchanga.

Gyang alisema maneno machache. Kaneng akaanzisha wimbo wa Kiberom, ule ambao Ngo Chundung alikuwa akiuimba akipepeta. Gyang akaitikia. Waumini hawakuujua. Vou alizaliwa Tondikire, na lugha ya bibi yake aliijua nusunusu. Aliimba alipopajua na kunyamaza alipopotea. Zilikuwa sauti tatu tu shambani pale, na moja ilikuwa inakatika. Wanaume wa mji walikuwa wamesimama mbali, kando ya kisima. Wimbo ulipokwisha walisogea, mmoja mmoja, kila mtu akatupa udongo wake, wakaondoka bila kuaga kama ilivyo desturi yao.

Jioni Gyang alimpigia Da Pam, akamwambia yote, hata ile ahadi Kaneng aliyompa mama. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Usiniite mjomba tena," akasema, akakata.

*

Ilipita miezi bila simu kutoka Jos. Gyang alihubiri, lakini habari ile ya kuwasamehe maadui aliipita kando kila ilipokaribia, na waumini hawakumuuliza. Watu wawili walioegemea kanisa waliacha kuja, wakisema mchungaji ameapa mbele ya mkuu wa mtaa kama mkosaji. Mtu mmoja alianza kuja, mama muuza karanga, naye hakusema sababu.

Mvua zikanyesha, mawele yakafika magotini. Siku moja Kaneng alikuwa anaanua nguo alipomwona Da Pam anaingia uani, mfuko mdogo mkononi, viatu vya ngozi vimejaa matope. Hakuwa ametoa taarifa. Kaneng alipiga goti kumsalimia, akamkaribisha maji. Mzee aliyakataa.

"Mume wako yuko wapi?"

"Amekwenda kumwona mgonjwa, baba. Atarudi adhuhuri."

"Kaburi kwanza. Nionyeshe mlichokifanya."

Walikwenda yeye, Kaneng na Vou, njia nzima bila neno. Kwenye shamba Munkaila alikuwa anapalilia. Aliwaona, akaegemeza jembe, akaja kusalimu. Da Pam aliitikia kwa mdomo usiofunguka vizuri, macho yake kwenye kile kilemba. Akapita, Munkaila akimfuata nyuma.

Kaburi lilikuwa tuta la mchanga lililoshushwa na mvua, na mawe kichwani. Pande zote lilizungushiwa matawi ya miiba, yamepangwa kwa ustadi.

"Miiba hii kaweka nani?" Da Pam akauliza kwa Kihausa.

"Mdogo wangu," Munkaila akasema. "Ili kaburi lisikue."

Da Pam alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha akatazama ile miiba tena, na kinyesi cha mbuzi kilichoishia upande wa nje. Alivua kofia. Alisimama muda mrefu, midomo ikitembea. Kaneng alimshika Vou mkono, akarudi nyuma hatua kadhaa. Alimsikia mzee akimwita dada yake kwa jina la utotoni. Akamsikia akimwambia kwamba mumewe hajaonekana, na kwamba wao waliobaki hawana hata jiwe lake la kwenda kusimama mbele yake.

Alipomaliza alivaa kofia. Kaneng alijiandaa kusemwa. Lakini macho ya Da Pam yalikuwa yameshuka kwenye mstari wa mawele uliopita kando ya miiba.

"Nani kapalilia huku?"

"Mimi," Munkaila akasema.

"Umeacha majani kwenye mashina."

"Mzee, umetoka Nigeria kuja kukagua palizi yangu?"

"Mawele hayapaliliwi hivyo."

"Haya, kwenu mnapaliliaje?"

Da Pam alinyoosha mkono. Munkaila alisita kidogo, akampa jembe. Lilikuwa la mpini mrefu, la kusukuma mtu akiwa amesimama, na Da Pam aliligeuza huku na huku.

"Jembe gani hili?"

"La mchanga. Unalisukuma, huliinui. Hivi."

Da Pam akaketi chini, akavua viatu na soksi, akavipanga kando ya miiba. Kaneng alijua kwamba tangu Rafwang iungue, mjomba wa mumewe hakuwahi kukanyaga shamba, lake wala la mtu. Mkewe alikuwa ameeleza kwenye simu kwamba hata kuku wa mjini wakilia ghafla anatoka nje kutazama pande zote. Sasa alisimama, akatazama pande zote. Mawele, kisima, wanawake wawili wakichota maji. Akaanza kusukuma.

Hatua za mwanzo alikata shina zima la mawele. Munkaila aliliona likianguka, akatazama pengine. Kisha mgongo wa mzee ukaushika mwendo, na majani yakaanza kulala pande mbili. Munkaila akamfuata kwa nyuma, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

"Polepole, mzee. Hujala."

"Nitakula nikifika mwisho wa mstari."

Kaneng akamwambia Vou akimbie nyumbani kuongeza unga. Alipogeuka, Da Pam alikuwa amefika mwisho wa mstari. Alipumzika juu ya mpini, akajifuta jasho kwa kofia, akazungumza jambo na Munkaila ambalo Kaneng hakulisikia. Kisha akageuka, akaanza mstari wa pili.